Safari ya Kirungu kwa Kilio cha Mwenzetu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake chafika mita 1,470. Katika Afrika yote hakuna ziwa jingine refu wala lenye kina kama hilo. Nchi nne zinapakana nalo: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mito mingi huingia humo, lakini mmoja tu ndio utokao, nao ni Lukuga, upitao karibu na mji wa Kalemie na kwenda kujiunga na Lualaba. Habari hizo tulizikariri tungali vijana, mwalimu akituonyesha ramani kwa fimbo, tulipokuwa wanafunzi wa sekondari huko Kirungu, juu ya Moba. Tulizikumbuka tena tulipokusanyika bandarini Kalemie, mwanzoni mwa mwezi wa Mei, kabla pepo za kusi hazijapata nguvu ya kuinua mawimbi. Tulikuwa tukienda kuondoa kilio cha mwenzetu wa darasa.

Tulikuwa watu saba. Mmoja ni padri. Mmoja ni muuguzi huko Uvira. Mmoja alifanya kazi ya reli hata akastaafu. Mmoja anauza samaki wakavu Lubumbashi. Wawili ni walimu. Na wa saba ni mfanyabiashara aliyehamia Kigoma, ng'ambo ya pili ya ziwa. Wengine kati yetu hawakuonana tangu mwaka 1984, tulipomaliza masomo. Habari ya kifo ilimkuta kila mtu mahali pake, kwa simu. Maziko yalikuwa yamekwisha, maana katika nchi yetu ya joto maiti haingojei wasafiri. Basi tukapatana kufika pamoja siku ya arobaini, siku ambayo jamaa humwombea marehemu katika Misa, huondoa kilio, na kusikiliza maneno ya wale waliomfahamu.

Kalemie, ambao zamani uliitwa Albertville, ni mji uliobanwa kati ya kilima na maji. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapo mwaka 1915, na baadaye ndiyo iliyowaleta wenzetu wa Nyunzu na Kabalo hadi ziwani, masanduku yao ya bati kichwani, ili wavuke kwenda Moba. Mwaka 2024 ziwa lilifurika, likaingia katika nyumba za pwani, na kuta nyingi tuliziona zingali na alama ya maji. Hapo bandarini tulitafutana kwa shida. Tulikuwa tukiwatafuta vijana wembamba, kumbe tulizungukwa na wazee wenye mvi na miwani. Macho yalikawia kutambua, lakini sauti hazikukawia. Mmoja alipocheka nyuma ya magunia ya mihogo, wawili waligeuka mara moja na kumwita jina lake la bwenini. Hata Padri wetu tulimwita kwa jina la utani la zamani, naye akaitika bila kusita.

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Ni kweli, ila mara nyingi binadamu hukutana kwa sababu mmoja wao amekwisha kuondoka.

Mashua yetu ya mbao iliondoka saa nne ya usiku, injini ikinguruma, watu wamejipanga juu ya mizigo kama ndege juu ya tawi. Usiku ule haukuwa na mwezi, na ziwa lilijaa taa za wavuvi. Ndivyo wanavyovua ndagala: taa huwashwa juu ya mtumbwi, samaki wadogo huifuata nuru, na wavu huwangoja chini yake. Katika usiku wa mwezi mpevu wavuvi hubaki nyumbani, kwa maana samaki hawaoni tena sababu ya kuifuata taa. Tulitandika mikeka, tukaanza kuulizana habari. Kwanza tulisema habari za magonjwa, kisha za watoto, kisha za wajukuu. Ilipopita saa sita tukaanza kusema habari za shule, na tangu hapo hakuna aliyelala. Gizani mvi hazionekani. Tulisikia sauti tu, nazo zilikuwa zile zile za mwaka 1984.

Ndipo yule mwenzetu wa reli alipotuambia jambo lililokuwa likimlemea.

Alisema: «Ndugu zangu, nina neno la marehemu ambalo sijalisema kwa mtu yeyote kwa miaka arobaini na zaidi. Yeye mwenyewe aliniomba ninyamaze. Sasa amekufa, na watoto wake hawalijui. Je, niwaambie, au nizikwe nalo?» Tukamwomba atueleze, naye akatueleza kwa sauti ya chini. Jambo lenyewe wasomaji watalisikia mahali pake. Wengine wetu walisema kwamba ahadi ni ahadi, na kifo hakiifuti. Wengine walisema kwamba urithi wa watoto ni wa watoto, nao hauwi wa mwenye kuulinda. Padri alisikiliza wote, kisha akauliza swali moja tu: «Alipokuomba unyamaze, alitaka kumlinda nani?» Mwenzetu akajibu: «Wadogo zake.» Padri akasema: «Basi ni wao wa kuulizwa.» Tukakubaliana hivyo.

Kulipopambazuka tulikuwa mbele ya Mpala. Shuleni tulifundishwa kwamba mwaka 1883 Kapteni Emile Storms, Mbelgiji, alijenga boma mahali hapo. Kwamba mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Na kwamba mwaka 1887 alikuja Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, akawalinda watu wa pwani dhidi ya wafanya biashara ya watumwa, akaoa binti wa nchi, akazeeka huku huku, akafa mwaka 1927. Hayo yote ni kweli. Lakini mmoja wa walimu wetu wawili, aliyefundisha historia maisha yake yote, alitukumbusha jambo jingine lisilosemwa darasani kwetu: mwaka 1884 watu wa Storms walimwua mtemi Lusinga, na kichwa chake kikachukuliwa hadi Ubelgiji. Alisema: «Mahali ni pale pale, ukuta ni ule ule, lakini asiyesimuliwa habari zote haoni kitu chote.» Mwenzetu wa reli alimtazama, wala hakusema neno. Tulifahamu alichokuwa akikiwaza.

Tulifika bandari ya Moba karibu na saa tano. Nyuma ya mji inainuka milima ya Marungu, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,000. Kirungu yenyewe iko juu, kilomita chache toka ziwani, mahali penye upepo wa baridi na maji mazuri. Hapo ndipo Askofu Victor Roelens alipoanzisha misioni ya Baudouinville mwaka 1893. Hapo pia, mwezi wa Julai mwaka 1917, alimpa Stefano Kaoze daraja takatifu ya upadri. Kaoze alikuwa Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kupata upadri. Alikuwa mtoto wa nchi hiyo hiyo, alianza masomo yake Mpala, na alifariki mwaka 1951. Tulipokuwa vijana jina lake lilitajwa kwetu kila tulipolegea katika masomo. Tulipanda kilima taratibu, tukipumzika mara nne mahali ambapo zamani tulipanda kwa kukimbia.

Hapa inafaa tuwaeleze wasomaji vijana shule ya wakati ule ilivyokuwa. Tulianza mwaka 1978. Mwaka uliotangulia, Serikali ya Zaire ilikuwa imepatana na Makanisa kuwarudishia uongozi wa shule zilizotwaliwa mwaka 1974. Katika daftari la darasa hakukuwa na jina la ubatizo hata moja, kwa maana tangu mwaka 1972 majina hayo yalikatazwa. Tuliitwa kwa majina ya babu zetu tu. Asubuhi tuliimba nyimbo za chama mbele ya bendera. Jumamosi tulifanya salongo, tukifyeka majani na kuchimba mifereji. Jioni tulikula bukari na maharagwe, na siku ya heri tulipata ndagala.

Marehemu ndiye aliyekabidhiwa kengele. Haikuwa kengele ya shaba, ila kipande cha reli kilichoning'inizwa katika tawi la mwembe, nacho kilipigwa kwa chuma kifupi. Kwa miaka mitatu alituamsha saa kumi na moja alfajiri na kutulaza saa tatu ya usiku. Asubuhi tulimchukia, saa ya chakula tulimpenda. Ile kazi aliichukua kwa uzito mkubwa, na chuma chake hakumpa mtu mwingine hata siku moja.

Mwaka 1984 tulifanya mtihani wa Serikali, tukaagana. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo waasi waliuteka mji wa Moba, kisha jeshi likautwaa tena. Mwezi wa Juni mwaka 1985 vita ikarudi. Waliokuwa wamekwenda mbali hawakurudi, na waliobaki walitawanyika. Baadaye ikaja vita ya mwaka 1996, tena ile iliyoanza mwaka 1998. Watu wengi wa Moba walikimbilia Zambia, kwa miguu na kwa mitumbwi, wakakaa katika kambi ya Mwange na ya Kala. Mwenzetu alikuwa miongoni mwao, pamoja na mkewe na mtoto wao wa kwanza. Huko Mwange alifundisha watoto wa wakimbizi. Kuanzia mwaka 2007 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka bandari ya Mpulungu hadi Moba. Ndivyo alivyorudi yeye, akashika chaki tena Kirungu, hata ugonjwa ukamlaza.

Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, na mbele yake wanawake wa jumuiya ya Wakristo walikuwa wamekwisha kuinjika masufuria. Mama mjane alitupokea akisema: «Karibuni, baba zetu.» Watoto wanne walikuja kutusalimu mmoja mmoja. Binti wa kwanza ni mwalimu kama baba yake. Wa mwisho ni kijana wa darasa la tano la sekondari. Tulitoa mchango wetu wa kilio, unga, samaki na fedha kidogo, tukaketi juu ya mikeka pamoja na wazee. Kesho yake asubuhi tulisali Misa, na Padri wetu aliiongoza. Juu ya msalaba wa kaburi yameandikwa majina mawili: jina la babu, ambalo sisi tulimjua nalo, na jina la ubatizo, ambalo watoto wake walimjua nalo. Tulisimama mbele ya majina hayo kama watu wanaojulishwa kwa mtu mgeni.

Baada ya chakula mama mjane alisema maneno yaliyotugusa. Alisema kwamba walipokimbia hawakuchukua kitu ila sufuria, blanketi na mtoto. Kila karatasi na kila picha vilibaki ndani ya nyumba, na nyumba iliteketea. «Watoto hawa,» akasema, «wanamjua baba yao tangu Mwange tu. Nami nilimwoa akiwa mtu mzima. Habari za ujana wake ziko kwenu.»

Ndipo yule mwuza samaki wa Lubumbashi alipofungua kopo la bati la maziwa ya unga. Ndani yake, ndani ya nailoni mbili, mlikuwa na picha ya darasa letu, iliyopigwa mwaka 1984 chini ya mwembe: vijana 28 katika safu tatu, mashati meupe. Ilikuwa imefifia, na nyuzo nyingi zilikuwa zimekuwa nyeupe kama mashati. Watoto wakainama juu yake. Kijana wa mwisho akauliza: «Baba ni yupi?»

Muuguzi alionyesha mmoja wa safu ya nyuma. Mwalimu wa historia akakataa, akaonyesha mwingine karibu na mti. Wakabishana, kila mmoja akiapa, na watoto walikuwa wakigeuza macho toka kwa huyu hata kwa yule. Picha haikuwa na jina hata moja mgongoni. Nyumba ikanyamaza. Kisha mwenzetu wa reli akavaa miwani yake, akaitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole mwishoni kabisa mwa safu ya pili. «Tazameni mkono wake,» akasema. Kweli, mkono wa kijana yule ulikuwa umeshika kitu cheusi, kifupi. Ulikuwa ni ule mchuma wa kengele. Tukakumbuka sote kwa mara moja: siku ile alikwenda kupiga kengele ya mapumziko, akaja mbio wakati mpiga picha alipokuwa tayari, akasimama mwisho wa safu na chuma chake mkononi.

Kijana aliichukua picha, akaipeleka mlangoni penye nuru. Mama mjane alimfuata, akaangalia juu ya bega la mwanawe, akasema: «Sikumjua alipokuwa mwembamba hivi.» Watu wakacheka, na kicheko hicho kilifungua vinywa.

Tukasimulia jinsi alivyodanganywa na mwezi. Usiku mmoja wa kiangazi mwezi mpevu uliwaka kama mchana. Yeye akaamka, akadhani kumekucha, akapiga kengele. Bweni lote likaamka, likaenda kuoga maji ya baridi, likajipanga mbele ya bendera, na prefe wa shule akatoka na saa mkononi: ilikuwa saa nane ya usiku. Muuguzi akasimulia habari nyingine. Mwaka wa nne alishikwa na malaria kali, na katika mvua ya usiku mwenzetu alimbeba mgongoni hadi hospitali, akakaa mlangoni hata asubuhi. Kisha akarudi mbio kupiga kengele kwa wakati wake. «Nilipopona,» akasema muuguzi, «nilijua kazi nitakayoitaka.»

Wakati huo mwenzetu wa reli alimgeukia mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa jamaa. Akamwambia kwa heshima: «Ndugu, kaka yako aliniachia neno, akaniomba nisiwaambie ninyi wadogo zake. Sina ruhusa ya kulisema, wala sina ruhusa ya kuwanyima watoto hawa. Wewe uamue.» Yule mzee alikaa kimya kidogo, akasema: «Sema mbele ya wote.»

Basi akasema. Mwezi wa Oktoba mwaka 1984, alipokuwa ameandikwa kazi karibuni huko Kalemie, alipewa barua ya kumpelekea mwenzetu Kirungu. Ilikuwa ni barua ya kumwita chuo kikuu cha Lubumbashi, maana alikuwa amefaulu vizuri. Lakini baba yake alikuwa amefariki kiangazi kile kile, na nyuma yake kulikuwa na wadogo watano. Mwenzetu aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema: «Wadogo zangu wasijue. Wakijua, watakula chakula changu kama deni.» Mwezi uliofuata vita ikafika Moba, na barua haikutajwa tena. Akaanza kufundisha shule ya msingi ya kijijini, kwa mshahara ambao mara nyingi haukufika.

Hatukusema neno. Binti wa kwanza ndiye aliyesema, naye alisema polepole. Alieleza kwamba siku moja, akiwa msichana, alimwuliza baba yake kwa hasira kwa nini wenzake wa shule wana nyumba mjini, na yeye ana chaki tu. Baba akamjibu: «Mimi nilipenda chaki.» Binti akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema: «Basi hakusema uongo. Ila hakusema yote.»

Mdogo wa marehemu aliondoka, akatoka uani. Tuliogopa kwamba tumemjeruhi. Lakini alirudi na birika na beseni, akapita mbele yetu sote saba, akatunawisha mikono yeye mwenyewe, mzee mwenye mvi akifanya kazi ya kijana. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipomaliza alisema kwamba karo ya kijana wa mwisho ni juu yake mpaka amalize sekondari. Elimu ya msingi hailipiwi katika shule za Serikali nchini mwetu tangu mwaka 2019, lakini ya sekondari ingali mzigo wa wazazi, na ya chuo kikuu ni mzigo mkubwa zaidi. Sisi saba tukapatana naye: kijana akifaulu mtihani wa Serikali, na barua ikija tena nyumbani humo, safari hii itapata jibu, nasi tutachanga.

Jioni tulikwenda kuiona shule. Mwembe ungali pale, umenenepa, na juu ya tawi lake tuliona kovu mahali waya ilipofunga reli. Reli yenyewe haipo. Sasa panapigwa kengele ndogo ya mkono. Wanafunzi walitoka darasani wakatuzunguka, wakauliza sisi ni nani. Kijana wa marehemu ndiye aliyewajibu: «Ni wenzake baba.» Alisema hivyo kana kwamba ametujua siku zote.

Wasomaji wapenzi, watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu za ujana ni mali ya mwenye ujana huo, za kumfurahisha jioni akiwa na rika lake. Safari hii imetufundisha vingine. Mtoto humjua baba yake kutoka katikati ya maisha, kama mtu aingiaye kanisani mahubiri yamekwisha kuanza. Sehemu ya kwanza wanayo wengine: wenzake wa bweni, wa uwanja wa mpira, wa safari za likizo. Mtu mmoja anakumbuka kicheko, mwingine mvua ya usiku, mwingine barua. Hakuna aliye na habari zote, na kila mmoja akifa huchukua sehemu yake. Kwa hiyo mwenzako wa shule anapofariki, usipeleke unga na fedha tu katika kilio chake. Peleka na habari zake, za kuchekesha na za kuliza, uwape watoto wake, kwa maana ni zao.

Na ninyi mnaozika wazazi wenu, msione haya kuuliza. Waulizeni wazee wanaokuja na bakora zao kuketi uani: mlimjuaje? alipendaje? alikosa nini? Mara nyingi wanangoja kuulizwa tu.

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi Kalemie tuliiweka ile picha mezani, chini ya taa, tukaigeuza mgongo. Tukaazima kalamu ya kijana, tukaandika majina ya safu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Majina ya waliofariki tuliyawekea msalaba mdogo, nayo yalikuwa 11. Kazi hiyo ilituchukua hadi saa sita, kwa maana kila jina lilikuja na hadithi yake. Tulipomaliza tulihesabu, tukapata majina 27. Katika safu ya tatu, karibu na shina la mwembe, amesimama kijana mmoja anayecheka, kofia mkononi. Na kati yetu sote saba hakuna aliyeweza kumtaja. Tuliacha nafasi yake wazi, na picha tumewaachia watoto. Kwa hiyo, ninyi wanafunzi mtakaopigwa picha mwaka huu mbele ya shule yenu, andikeni majina mgongoni siku hiyo hiyo, yote, hata la yule msiyempenda.